Ngoma Isiyolia: Mchezaji, Barabara na Hadhira katika Picha za Nyeusi na Nyeupe

Utangulizi

Ni vigumu kutaja sanaa mbili zinazoelekea kupingana kama uchezaji ngoma na upigaji picha. Ngoma huishi katika mwendo na mlio. Picha haina mwendo wala mlio. Ngoma ina mwanzo, kilele na kikomo. Picha ina nukta moja tu ya wakati, nayo aghalabu ni sehemu ndogo ya sekunde. Hata hivyo, tangu kamera ilipokuwa nyepesi kiasi cha kubebwa mkononi, wapiga picha hawakuacha kumwandama mcheza ngoma. Walimfuata jukwaani, kisha wakamfuata, au wakamtoa, hadi barabarani, katikati ya wapita njia, magari na mabango ya biashara. Picha zilizotokana na hali hiyo, hasa zile za nyeusi na nyeupe, zimesifiwa sana. Lakini sifa hizo kwa kawaida huelekezwa kwenye ustadi wa mwili wa mchezaji au wepesi wa mkono wa mpiga picha. Suala la barabara yenyewe, na la watu waliokuwapo pale, limeshughulikiwa kwa nadra.

Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa kuangalia kazi za wapiga picha watatu: Helen Levitt wa New York, William Klein aliyepiga picha Tokyo mwaka 1961, na Eikoh Hosoe wa Japani. Pamoja nao atatajwa Barbara Morgan, ambaye picha zake za studio zinasaidia kuweka mpaka wa mjadala. Dai la makala ni kwamba picha ya mchezaji barabarani hupata uzito wake kutokana na jinsi inavyoitendea hadhira iliyokuwapo. Pale ambapo wapita njia ni sehemu ya tukio, picha huwa ushahidi wa ngoma. Pale ambapo wamegeuzwa pazia la nyuma, picha huwa tangazo la mwili.

Yamkini msomaji atajiuliza kwa nini picha za New York na Tokyo ziletwe mbele ya wasomi wa lugha za Kiafrika. Sababu ni mbili. Kwanza, tatizo linalojitokeza humo ni lile lile ambalo wasomi wa fasihi simulizi wamepambana nalo kwa muda mrefu, yaani nini hupotea pale tukio hai linapohamishiwa kwenye chombo cha kuhifadhia. Pili, Kiswahili kina neno ambalo, likitumiwa kwa uangalifu, laweza kumpa mhakiki kipimo kinachofaa.

Neno 'ngoma' na tatizo la kuhifadhi

Neno ngoma lina maana kadhaa zilizoshikamana. Ni chombo kilichowambwa ngozi kinachopigwa. Ni mchezo unaofuata mlio wa chombo hicho. Tena ni shughuli nzima inayowakutanisha watu mahali pamoja. Mtu asemaye kwamba alikwenda ngomani hajasema bado kama alicheza, alipiga, aliimba au alitazama. Maana zote hizo zimo katika kauli yake, na msikilizaji haoni upungufu wowote. Kwa hiyo, kwa mujibu wa lugha yenyewe, mtazamaji si mgeni wa ngoma. Yeye hupiga makofi, huitikia, hupiga vigelegele, hutunza, na pengine huingia uwanjani mwenyewe. Methali isemayo 'Mcheza kwao hutunzwa' inashuhudia jambo hilo: kutunza ni kazi ya hadhira, na pasipo hadhira inayomtambua mchezaji hapana wa kumtunza.

Ni kweli vilevile kwamba Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kupiga, kwa ngoma na kwa picha. Mhakiki anaweza kushawishika kujenga nadharia juu ya ulinganifu huo. Lakini kitenzi hicho hutumika pia kwa pasi, simu, hodi na mbizi, na uzito wake kimaana ni mdogo mno kubeba hoja. Nomino ngoma ndiyo inayofaa kumwongoza mhakiki, kwa kuwa ndani yake mchezaji, mpigaji na mtazamaji hawajatenganishwa.

Wasomi wa fasihi simulizi wanajua yaliyotokea ngano za Kiafrika zilipoanza kuandikwa. Waandishi wengi wa mwanzo walichukua maneno ya fanani wakaacha sauti yake, ishara zake, na viitikio vya wasikilizaji wake. Kilichobaki kitabuni kilikuwa kisa kifupi, kikavu, kilichoonekana kichanga kisanaa. Lawama zikamwangukia fanani, ilhali kasoro ilikuwa katika njia ya kuhifadhi. Kamera yaweza kutenda vivyo hivyo. Yaweza kuuchukua mwili wa mchezaji ukiwa umetimia kwa kila namna, na bado ikaiacha ngoma pale ilipokuwa.

Studio: mchezaji asiye na barabara

Si kila picha ya mchezaji inayostahili kudaiwa hadhira. Mfano bora ni kazi ya Barbara Morgan, aliyepiga picha za mchezaji mashuhuri wa Marekani, Martha Graham, na kuzitoa katika kitabu mwaka 1941. Picha inayojulikana zaidi, ya mwaka 1940, inatokana na mchezo uitwao Letter to the World. Graham ameinama mbele, kiwiliwili chake kimelala sambamba na sakafu, mguu mmoja umerushwa nyuma, na gauni lake jeupe limeufuata mguu huo na kuchora tao kubwa hewani. Nyuma yake hakuna kitu.

Utupu huo ni wa haki. Morgan hakupiga picha hizo wakati wa onyesho; yeye na Graham walizipanga, wakachagua mikao iliyobeba kiini cha kila mchezo, kisha mchezaji akaitenda mbele ya kamera na taa za studio. Hadhira haikuwapo, na picha haijifanyi kuwa ilikuwapo. Ni sawa na mtafiti anayemketisha mghani peke yake ili kupata maneno ya utenzi kwa usahihi: anajua alichokiacha nje, na msomaji naye anaweza kujua. Tatizo huanza pale mchezaji anapopelekwa kwenye barabara iliyojaa watu, kisha watu hao wakatendewa kama ukuta wa studio.

Levitt: ngoma ya watoto

Helen Levitt alizaliwa Brooklyn mwaka 1913 na kufariki mwaka 2009. Katika miaka ya 1930 na 1940 alizunguka katika mitaa ya watu wa kipato kidogo mjini New York, hasa East Harlem, akiwapiga picha watoto waliokuwa wakicheza nje na michoro ya chaki waliyoiacha barabarani na kutani. Mwaka 1943 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilifanya maonyesho ya picha zake za watoto, na mwaka 1965 ilitoka A Way of Seeing, pamoja na insha ya mwandishi James Agee.

Moja kati ya picha hizo, iliyopigwa mnamo mwaka 1940, inawaonyesha watoto wawili wakicheza barabarani. Hakuna mpiga muziki anayeonekana wala vazi la kuchezea. Kwa kipimo cha jukwaa, picha hiyo haina mchezaji hata mmoja. Kwa kipimo cha ngoma, ina vyote. Kila mtoto ni mchezaji kwa mwenzake na mtazamaji wa mwenzake; mkono wa mmoja hauna maana bila ya mwili wa yule mwingine. Barabara ni uwanja wao kwa sababu nyumba ni finyu, na katika picha nyingine za Levitt mtazamaji huwaona majirani wameketi kwenye ngazi za mbele ya nyumba au wameegemea madirisha, wakitazama, wakizungumza, wakingoja jua litue. Mji mkubwa unaonekana kama ua wa nyumba moja.

Waswahili husema 'Ngoma ya kitoto haikeshi'. Kwa kawaida methali hiyo husemwa kwa kudharau: jambo la kitoto halidumu. Picha ya Levitt inaikubali methali na kuigeuza. Kwa kuwa ngoma hiyo haikeshi, kwa kuwa itakatizwa na gari, na mvua au na sauti ya mama anayeita, ndiyo sababu inahitaji mtu wa kuishuhudia. Ukosefu wa mlio, ambao mahali pengine ungekuwa upungufu, hapa unamlazimisha mtazamaji kujiuliza watoto hao walikuwa wakiusikia wimbo gani.

Kazi ya Levitt, hata hivyo, haiwezi kupokelewa bila swali. Mara nyingi aliifungia kamera yake kioo cha pembeni kilichomwezesha kuelekea upande mmoja huku akipiga picha upande mwingine. Watu wake wengi, kwa hiyo, hawakujua kwamba wanapigwa picha. Njia hiyo ndiyo iliyohifadhi uhuru wa miili yao. Njia hiyo hiyo iliwanyima nafasi ya kukubali au kukataa. Mtetezi wake atasema kwamba mtoto akijua anatazamwa na kamera huacha kucheza na kuanza kujionyesha, na kauli hiyo ina ukweli. Lakini mtazamaji wa ngoma huonekana na wachezaji. Wanaweza kumwita, kumtania au kumfukuza. Mpiga picha aliyejificha amechukua faida ya mtazamaji bila kubeba wajibu wake. Uzuri wa picha haulifuti deni hilo.

Klein: giza katikati ya mabango

William Klein, aliyezaliwa New York mwaka 1926 na kufariki Paris mwaka 2022, alikuwa kinyume cha Levitt karibu katika kila jambo. Alisomea uchoraji, na kwa muda alifundishwa na Fernand Léger huko Paris. Kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu New York kilivunja kanuni nyingi za upigaji picha wa wakati huo: alitumia lenzi pana, akawasogelea watu mno, akaacha picha zichafuke kwa chembechembe na ukungu wa mwendo. Klein hakujificha. Watu katika picha zake humkodolea macho, humcheka, au humwelekezea bastola za kuchezea.

Mwaka 1961 alikwenda Tokyo, na kitabu chake kuhusu mji huo kilitoka mwaka 1964. Miongoni mwa waliotoka naye barabarani walikuwa wachezaji watatu: Tatsumi Hijikata, Kazuo Ohno, na Yoshito, mwana wa Ohno. Hao walikuwa waanzilishi wa uchezaji ambao baadaye ulijulikana ulimwenguni kwa jina la butoh, na ambao Hijikata aliuita uchezaji wa giza totoro. Miaka miwili kabla, Mei 1959, Hijikata na Yoshito Ohno walikuwa wameonyesha mchezo uitwao Kinjiki, ambao uliwaudhi wengi katika uwanja wa ngoma za kisasa za Kijapani. Uchezaji huo haukutafuta wepesi wala urembo wa mwili ulionyooka. Ulitafuta mwili uliopinda, ulioinama kuelekea ardhini, mwili wa mgonjwa, mzee, mkulima aliyechoka.

Muktadha wa barabara zenyewe hauna budi kukumbukwa. Mwaka 1960 Tokyo ilijaa maandamano makubwa ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani, na tarehe 15 Juni mwaka huo mwanafunzi mmoja wa kike alifariki katika makabiliano kwenye eneo la Bunge. Wakati huo huo mji ulikuwa ukibomolewa na kujengwa upya kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964. Barabara ya Tokyo ya mwaka 1961, kwa hiyo, ilikuwa mahali ambapo miili ya watu ilikwisha kutumiwa kama hoja. Kumpeleka mcheza ngoma ya giza mahali hapo hakukuwa kitendo cha urembo mtupu.

Katika picha hizo miili ya wachezaji iko karibu mno na lenzi, kwenye vichochoro vyembamba vilivyosongwa na mabango na maandishi. Hapa ndipo nyeusi na nyeupe inapofanya kazi yake. Katika rangi kamili, matangazo ya biashara yangemvuta mtazamaji kwanza, kwa kuwa yalitengenezwa yavute. Yakiondolewa rangi, yanabaki wino. Mwili wa mchezaji nao ni wino. Maandishi ya ukutani na mikono ya mchezaji vinasimama katika daraja moja, na jicho halina budi kuvisoma vyote kama alama. Ni rahisi kuona kwamba mpiga picha huyu alikuwa mchoraji. Vilevile, chembechembe na weusi mzito havikuwekwa kama pambo: giza ambalo Hijikata alilitafuta kwa mwili limepata chombo kilicholielewa.

Ili kuona kwamba mafanikio hayo hayakuja yenyewe, yafaa kuilinganisha kazi hiyo na picha nyingine ya Klein mwenyewe. Mwaka 1960 aliwapiga picha wanawake wawili wanamitindo kwa ajili ya gazeti la Vogue, katika Piazza di Spagna mjini Roma. Magauni yao yana mistari ya nyeusi na nyeupe, na wanavuka barabara kwenye kivuko chenye mistari ya nyeusi na nyeupe. Picha hiyo inachekesha na kupendeza, wala haina budi kuomba radhi: ni tangazo na inajua kuwa ni tangazo. Lakini katika picha hiyo barabara imechaguliwa kwa sababu inaoana na gauni. Katika picha za Tokyo, barabara haioani na mchezaji; inashindana naye. Mtu yule yule, akiwa na kamera ya aina moja na filamu ya rangi mbili, katika muda wa mwaka mmoja alitoa mifano miwili ya uhusiano kati ya mwili na mji, na tofauti yake haiwezi kuelezwa kwa ufundi peke yake.

Wapo watakaosema kwamba picha za Tokyo nazo zilipangwa, kwa kuwa wachezaji walitoka nje wakijua kwamba kamera ipo. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini halidhuru hoja. Kupangwa kwa tukio hakuliondolei uhai. Arusi hupangwa, na jando hupangwa. La msingi ni kama walio pembeni wana nafasi ya kuingia katika tukio. Mtaa wenye watu hauwezi kuamriwa wote, na Klein, kwa kusogea karibu na kutumia lenzi pana, aliacha pambizo za picha wazi kwa lolote litakaloingia.

Hosoe: mchezaji arudipo kwao

Huenda ikadhaniwa kutokana na hayo kwamba msongamano wa mji ndio unaoipa picha nguvu. Kazi ya Eikoh Hosoe inasaidia kuirekebisha dhana hiyo. Hosoe, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2024, alishirikiana na Hijikata kwa miaka mingi, na mwaka 1969 alitoa kitabu kiitwacho Kamaitachi. Jina hilo ni la kiumbe wa masimulizi ya Kijapani anayekuja na upepo na kuwakata watu ngozi. Baadhi ya picha zilipigwa katika mitaa ya Tokyo, lakini zinazokumbukwa zaidi ni zile za kijiji cha Tashiro katika mkoa wa Akita, alikozaliwa Hijikata mwaka 1928. Hosoe mwenyewe, akiwa mtoto wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa amehamishwa kutoka mjini kwenda mashambani, na kumbukumbu hiyo imo ndani ya kitabu.

Katika picha moja Hijikata anakimbia katika shamba la mpunga akiwa amembeba mtoto mchanga. Katika nyingine ameketi juu kabisa ya ulingo wa kuanikia mpunga, kama ndege anayevizia. Wanakijiji wamo. Wanamtazama, wanacheka, wanakaa naye. Mchezaji aliyewaudhi wasomi wa mjini anapokewa na wakulima kama kichaa wa kijiji anayefahamika, au kama mzimu ambao hadithi zake walikwisha kuzisikia. Mcheza kwao ametunzwa, ingawa tuzo yenyewe ni kicheko.

Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa wingi wa watu wala wingi wa magari. Kijiji chenye watazamaji kumi kinaweza kuwa na ngoma, na barabara yenye watu elfu inaweza kuikosa. Kinachotakiwa ni kwamba walio pale wawe na uso, wawe na la kufanya, na picha iwaruhusu kulifanya.

Rangi mbili na mruko

Yapo mambo mawili ya kifani yanayohitaji kutenganishwa na hoja hii, kwa kuwa wahakiki huyachanganya nayo. La kwanza ni rangi. Ni desturi ya siku nyingi kuziona picha za nyeusi na nyeupe kuwa za kweli zaidi au za kisanaa zaidi. Historia ya Levitt inaonya dhidi ya desturi hiyo. Mwaka 1959 alipata ruzuku ya Guggenheim, akaanza kupiga picha za rangi katika barabara zile zile, na nyingi kati ya hizo ziliibwa nyumbani kwake mwaka 1970, akaanza tena. Mtu aliyeijua vyema nyeusi na nyeupe hakuiona kuwa sharti la ukweli. Tangu filamu za rangi zilipoenea, na zaidi tangu kamera za kidijitali zilipoiwezesha rangi kuondolewa kwa kubonyeza kitufe, nyeusi na nyeupe imekuwa uamuzi unaohitaji sababu. Katika picha za Klein sababu ipo: mabango yamenyang'anywa uwezo wao wa kuita. Katika picha nyingi za siku hizi sababu ni kuipa kazi ya leo heshima ya kale, na hiyo ni sababu hafifu.

La pili ni mruko. Utanzu wa picha za wachezaji waliofunzwa kitaalamu, wanaoruka juu ya vivuko vya barabara au kusimama kwa ncha za vidole kando ya teksi, umestawi sana tangu mwanzo wa karne ya 21. Kitabu cha Jordan Matter, Dancers Among Us, kilichotoka Marekani mwaka 2012 kikiwa na picha za rangi, ni mfano wake ulioenea. Kitabu hicho kina ucheshi wa kweli, na mara kwa mara mchezaji hutenda kazi ya kila siku kwa mwili usio wa kila siku. Lakini utanzu kwa jumla umeuchagua mruko kuwa alama ya ngoma, na uchaguzi huo una gharama. Aliye hewani amekatiwa uhusiano na ardhi. Hatujui ametoka wapi wala atatua juu ya nini. Wapita njia walio chini yake hufifishwa kwa makusudi ili mwili mmoja tu uonekane wazi, na barabara hubaki kuwa uthibitisho kwamba jambo hilo gumu lilifanyika mahali pasipotarajiwa.

Katika ngoma nyingi za Kiafrika mguu huongea unapoikanyaga ardhi. Kishindo ni sehemu ya muziki, na njuga zilizofungwa miguuni haziwezi kulia vyema bila ya ardhi ya kujibu. Watoto wa Levitt wamesimama juu ya barabara. Wachezaji wa Klein wameinama kuielekea. Si kwa bahati kwamba picha zenye uzito zaidi miongoni mwa zilizojadiliwa hapa zinamwacha mchezaji mahali anapoweza kujikwaa.

Hitimisho

Mjadala huu una maana kwa wale wanaokusanya na kuhifadhi ngoma katika Afrika Mashariki. Miji ya pwani imejua ngoma za barabarani kwa zaidi ya karne moja. Beni, ambayo T. O. Ranger aliifanyia uchunguzi katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, ilizuka katika miji hiyo mwishoni mwa karne ya 19 ikiwa na tarumbeta, sare na gwaride, na ilipita njiani kwa sababu njia ndiyo ilikuwa mahali pa kushindania heshima. Kikundi kilichopita bila kutazamwa na wapinzani wake kilikuwa kimepita bure. Picha ya Beni inayowaonyesha wachezaji waliopangwa mstari mmoja mbele ya ukuta mweupe inahifadhi sare, na inaupoteza ushindani ambao ndio uliokuwa ngoma yenyewe.

Mtafiti wa leo ana kamera katika simu yake, na anaweza kurudi na picha mia kadhaa kutoka katika shughuli ya jioni moja. Wingi huo hautamsaidia ikiwa kila picha imemkata mtazamaji ili kumbakiza mchezaji. Yafaa aache pambizo pana. Yafaa apige pia picha za upande wa pili, yaani za wanaotazama, na aandike ni shughuli gani, ni barabara gani, na ni nani aliyekuwa akimtunza nani. Yafaa aonekane na waliopo na aombe idhini yao, ili asirudie deni la Levitt huku akitamani uzuri wa picha zake. Na pale picha hizo zinapowekwa katika maktaba ya chuo au kuchapishwa kitabuni, mhariri asizipunguze kingo kwa ajili ya kuupendezesha ukurasa. Mwanamke aliyesimama ukingoni mwa picha, nusu ya uso wake tu ikionekana, mkono umeshika noti anayotaka kumtunzia mchezaji, ni sehemu ya kile kinachohifadhiwa.